Mtoto Anayeshika Watu Kidevu

Gisozi, Jumapili, 8 Juni 2025

Mama mpendwa, shikamoo.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Jana nilikupigia nikakueleza habari zote za hospitali, nawe ukanijibu, "Haya mwanangu, Mungu awabariki, msalimie Bayingana," ukakata. Bayingana alikuwa amesimama pembeni anasubiri. Akaniuliza, "Mama amesemaje?" Nikamwambia umemsalimia tu. Basi turudi kwenye barua, wewe uliyefundisha Kiswahili Karagwe mpaka ukastaafu. Évode wa moto, yule wa pikipiki, atakuletea hii pamoja na unga, na akirudi na isombe, yale majani yako ya mihogo, namwomba arudi na jibu.

Habari yenyewe ni ya Shami. Unajua tangu mwaka jana anapumulia mdomo. Anakoroma kama mtu mzima, na mchana kutwa mdomo uko wazi. Tumempeleka kwa daktari Bertrand, wa masikio, pua na koo. Alimpiga picha akatuonyesha: nyama za nyuma ya pua zimevimba, zimeziba njia. Anasema tunaweza kumpa dawa ya kupuliza puani tukasubiri, maana kwa watoto wengine hunywea zenyewe wakikua. Au apewe nusukaputi, alale, zitolewe. Hakutusukuma. Aliniuliza maswali ili ajue kama ni jambo la haraka: anakula? analala? anasikia vizuri? Nikamjibu anasikia vizuri kabisa, ni ukaidi tu. Akacheka, akasema basi tukafikirie nyumbani.

Mimi nataka zitolewe. Bayingana anasema hatatia sahihi mwanawe apasuliwe bila baraka zako, na mwanao unamjua, akishasema amesema.

Mama, nikwambie ukweli, naona aibu. Mimi kazi yangu ni mapokezi hotelini, kutwa nzima ni adabu na tabasamu, na mwanangu mwenyewe ananiangusha. Siku ile kwako, wifi Mukasine alisema mbele ya wote kwamba mtoto anatafuna kama asiye na kwao. Namwambia Shami afunge mdomo. Anaufunga, machozi yanamtoka, kisha anaufungua kama mtu aliyetoka kuzama. Na sasa ana tabia mpya. Akizungumza na mtu anamshika kidevu, anamgeuzia uso kwake. Mtu mzima! Jumapili iliyopita alimshika mchungaji kidevu mlangoni mwa kanisa, watu wote wanatazama. Nilimchapa mkono pale pale. Sijui ameitoa wapi tabia hiyo.

Nasubiri neno lako.

Mkamwana wako,
Trinah


Gahanga, 11 Juni 2025

Mwanangu Trinah, marahaba.

Unga umefika na barua imefika. Ya simu usinilaumu. Simu za siku hizi sauti yake imekuwa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Barua ni bora, haikatiki katikati, na mtu anaweza kuirudia.

Kisu sikubali. Kukoroma? Marehemu baba mkwe wako alikoroma mpaka mbuzi wa jirani wakalalamika, na amekufa mzee, kwa ugonjwa mwingine kabisa. Mtoto anaishi juu ya Agakiriro, soko la maseremala, kutwa anavuta vumbi la mbao za baba yake na majirani zake, pua isizibe kwa nini? Shule zikifungwa nileteeni huku avute hewa safi.

Na huo ukaidi ni ukaidi gani? Kwangu Shami hana ukaidi hata chembe. Nikimwambia lete maji, analeta. Nikimwambia funga kuku, anafunga. Ninyi vijana mnazungumza na watoto huku mmeinamia simu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, sisemi zaidi ya hapo. La kidevu ni utoto tu, litaisha.

Mimi sijambo, ila Mukagasana amenuna. Jumapili mbili hanisalimu kanisani, ananipita kama nguzo. Sijui nimemkosea nini. Uzee una mambo.

Mama yako,
Gahongayire


Gisozi, 15 Juni 2025

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za nyuma ya hoteli, mahali tunapovulia viatu kupumzisha miguu. Niliisoma nikairudia, kama ulivyosema. Lile neno la malezi limenikaa kifuani. Siwezi kukujibu, wewe ni mama yangu, lakini limenikaa.

Labda una haki. Mwalimu wake Jolly ameniita. Anasema Shami haitiki akiitwa, akiambiwa jambo anatazama kwanza wenzake wanafanya nini ndipo naye afanye, kwa hiyo amemhamishia dawati la nyuma asiwacheleweshe wengine. Nyumbani ni vile vile. Unajua kwetu misumeno inavyolia, sote tunapayuka. Basi hata ukipayuka, yeye amekugeuzia mgongo anacheza na vipande vya mbao. Juzi nilimwita akaoge, nikamwita tena na tena, mpaka nikamvuta sikio nikampigisha magoti mbele ya ukuta. Hakulia. Alinitazama tu, kama asiyejua kosa lake. Hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Halafu kuna jambo naona vibaya kukuandikia, lakini afadhali ulijue kwangu. Mukagasana amemwambia Mukasine kilichotokea. Alikuja kwako baada ya ibada kukuambia mdogo wake amefariki huko Kayonza. Anasema ulicheka, ukampiga bega ukamwambia, "Mungu ni mwema!" Mimi nimemtetea mama yangu, nimesema haiwezekani. Lakini ndivyo anavyosema.

Na Évode ananiuliza kama unaumwa. Alipoleta unga aligonga lango mpaka akaruka ua.

Trinah


Gahanga, 18 Juni 2025

Trinah,

Mukagasana ana lake. Na Évode mwambie lango si ngoma. Nilikuwa nyuma kwenye mihogo. Mlete mtoto shule zikifungwa. Habari ya kisu tuiache.

Gahongayire


Gisozi, 6 Julai 2025

Mama, shikamoo.

Huyu hapa mjukuu wako. Dawa ya pua imo kwenye mfuko wa pembeni, asubuhi na jioni. Ametumia mwezi mzima na sioni tofauti, lakini daktari alisema tujaribu. Viatu vya kanisani viko chini kabisa.

Akiwa mkaidi usimwonee huruma. Akikushika kidevu mbele ya watu, mkanye. Nimemwagiza afunge mdomo akila. Naomba akirudi watu waone ametoka kwa bibi aliyemfunza, maana kwangu imeshindikana.

Trinah


Gahanga, 16 Julai 2025

Mwanangu Trinah,

Shami hajambo, amekula, yuko nje na kuku. Nasema hivyo mwanzoni usije ukashtuka, kwa sababu barua hii ni nzito.

Juzi asubuhi tulikuwa uani tunapukuchua maharage, mimi na yeye, migongo tumeielekeza langoni. Évode akaja. Alipiga honi, akaita, akagonga bati kwa jiwe. Hayo amenisimulia baadaye. Mwishowe aliingia mwenyewe akanigusa bega. Nikaruka. Na Shami akaruka. Tuligutuka pamoja, ungo ukapinduka, maharage chini. Évode akacheka akasema, "Mukecuru, bibi, weye na mutoto wote muko sawasawa! Honi yote ile hamusikie?" Nami nikacheka, kama ilivyo desturi yangu. Halafu nikamtazama Shami. Naye anacheka. Anamtazama Évode mdomoni na anacheka kwa sababu mimi nacheka.

Kicheko hicho nakijua, Trinah, ni changu.

Évode alipoondoka nilimwacha mtoto na maharage yake, nikasimama nyuma yake nikamwita. Hakugeuka. Nikapiga makofi. Kuku walitawanyika, yeye akaendelea kupukuchua. Nikazunguka mbele, nikamshika kidevu nikasema, "Shami, okota maharage." Akainama akaanza kuokota, mtiifu kuliko watoto wote niliopata kuwafundisha.

Sasa nikuandikie nisilopata kumwambia mtu. Masikio yangu yamekwisha. Simu haina ubaya wowote. Napokea, nasikia mvumo, nasema Mungu awabariki, nakata. Sikuwa kwenye mihogo siku ile, nilikuwa sebuleni. Na Mukagasana hakusema uongo. Nilimwona midomo inamtetemeka nikadhani ana habari ya kuchekesha. Nilipoisoma barua yako niliona aibu mpaka nikashindwa kwenda kanisani, nikamwita mwongo mtu aliyefiwa.

Naona haya kuwaambia watu warudie. Ukiomba warudie wanakuhurumia, ukiomba tena wanachoka, kisha wanaanza kuzungumza na watoto wako na kukuacha umekaa hapo kama mkoba. Ndiyo maana nashika watu uso. Shami akija, namshika kidevu namgeuza nione midomo yake, na yeye akajifunza kwangu kufanya hivyo. Kumbe kilimfaa. Ndivyo tulivyokuwa tunasikilizana, kipofu kwa kiwete, na mimi nikakuandikia "kwangu hana ukaidi" nikijisifu, nikakuumiza. Alichapwa mkono kwa kosa langu, na nilijua, nikakuandikia ni utoto tu.

Rudi kwa daktari. Mwambie mtoto hasikii vizuri, usimfiche kitu. Kama ni nyama hizo zinazomziba, zitoke. Baraka zangu nimeziandika kwenye karatasi ya pili, mpe Bayingana aisome. Hii ya kwanza ichome.

Mama yako,
Gahongayire


Gisozi, 27 Julai 2025

Mama yangu,

Bayingana nilimpa karatasi ya pili peke yake. Akauliza, "Ya kwanza iko wapi?" Nikamwambia ilimwagikiwa chai. Lakini sikuichoma, nisamehe. Iko kwenye mkoba wangu wa kazini.

Tulimrudisha Shami kwa daktari Bertrand. Nikamwambia, "Daktari, siku ile nilikudanganya." Akasema, "Hukudanganya, hukujua." Nilinyamaza, akanisamehe bure. Kwako wewe siwezi kunyamaza baada ya uliyoniandikia. Nilijua kidogo. Siku moja mfuniko wa sufuria uliniponyoka nyuma yake, ukalia sakafuni, na hakutikisika. Nilisimama hapo nikatazama kisogo chake. Halafu nikaokota mfuniko, nikauosha, nikajiambia ni ukaidi. Mtoto mkaidi watu humsema wiki moja wakasahau. Mtoto kiziwi humpa mama yake jina. Niliogopa jina, Mama. Nikachagua kumpiga.

Walimpima kwenye chumba kidogo. Muuguzi alimvisha vile vya masikioni, akampa shanga na kopo, kila akisikia mlio atie shanga. Akawa anatia vizuri, nikaanza kufurahi. Muuguzi akaniambia kwa sauti ya chini, "Ananisoma nyusi." Akamgeuzia kiti ukutani. Basi, ule mkono wenye shanga ukabaki juu, unangoja, haujui lini. Nilitoka nje nikalia mbele ya watu, mimi ambaye hata msibani hujifuta machozi kwa kificho.

Nyuma ya ngoma za masikio kuna maji mazito yaliyotuama, kwa sababu zile nyama zimeziba tundu linaloyatoa. Daktari anasema azitoe, anyonye maji, aweke vijibomba vidogo sana, na kwamba watoto wengi wa namna hii husikia tena. Hakuniapia. Ameweka siku katikati ya Agosti. Bayingana alitia sahihi akarudi kwenye karakana yake, na Gisa, fundi wake, ananiambia alipiga randa ubao mmoja mpaka ukawa haufai hata kuwa rafu.

Nilimpigia Shami magoti mbele ya ukuta ule ule. Nilimshika kidevu nikamwambia, "Nisamehe." Akaniuliza, "Umefanya nini?"

Mama, daktari huyu hupokea na wazee. Nimeshamuuliza, bila kutaja jina. Twende.

Trinah


Gahanga, 30 Julai 2025

Mwanangu,

Namfungia Mungu mlango wangu asitoke mpaka mtoto aamke salama. Mwambie Bayingana nimesema hivyo.

Mimi niacheni. Samaki hukunjwa angali mbichi, mimi nimeshakauka. Na Mukasine asijue, wala Bayingana. Kama unanipenda nitunzie hilo.

Gahongayire


Gisozi, 24 Agosti 2025

Mama, shikamoo.

Yamekwisha, na salama. Sikukuandikia mapema kwa sababu siku za kwanza nilikuwa siwezi kuacha kumtazama. Alipoamka alitapika damu kidogo nyeusi, nikapiga kelele wodi nzima ikageuka. Muuguzi akanituliza, kumbe ni damu aliyoimeza. Akanywa maziwa ya baridi, akaomba mengine. Sasa analala mdomo umefungwa. Hakuna sauti. Baba yake huenda kumwinamia kuhakikisha anapumua.

Nikusimulie siku tuliyorudi nyumbani. Alifika mlangoni akaziba masikio kwa viganja. "Nini hiyo?" Ni msumeno, nikamwambia. Msumeno wa chini hapo, uliolia tangu hajazaliwa. Akauliza kama baba anajua.

Kesho yake nilimwita aje kula. Nilimwita kama ninavyomwita siku zote. Akaja mbio akasimama mlangoni, kidevu kinamtetemeka, akasema, "Mama, mbona unanifokea? Nimekosa nini?" Nilikuwa na mwiko mkononi. Nikauweka chini. Ndivyo nilivyokuwa nikizungumza naye kila siku ya Mungu, na ndiyo siku ya kwanza aliyonisikia.

Sasa nanong'ona hata bila sababu. Bayingana anasema nyumba imekuwa kanisa.

Jambo moja la mwisho. Jana Évode alikuja na parachichi zako, akapiga honi. Shami akaruka kutoka kitini. "Mama, Évode ana honi! Bibi anajua?" Nakuuliza wewe, nimwambie nini?

Trinah


Gahanga, 7 Septemba 2025

Mwanangu Trinah,

Mwambie Shami Bibi alikuwa hajui.

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa. Halafu nikavaa, nikaenda kwa Mukagasana. Nilimkuta na majirani, nikatamani kurudi, lakini mguu mmoja ulikuwa umeshaingia. Nikamwambia mbele yao: siku uliyoniletea msiba wako sikukusikia, nikacheka, na badala ya kuuliza nikakuita mwongo. Midomo yake ilisema maneno mengi, nikadaka machache. Mwishoni alinisogezea kiti karibu na wake, upande wenye mwanga. Sikuomba. Nikakaa mpaka chai ikaisha.

Jumamosi mlipokuja nilikuwa bado sijaamua lolote, nakuambia kweli. Tulipokuwa mezani Mukasine aliuliza jambo, wote wakanigeukia, nami nikafanya kama kawaida yangu, nikatabasamu nikatikisa kichwa. Kwa nyuso zenu nikajua nimejibu vibaya. Ndipo Shami aliposhuka kitini, akaja, akanishika kidevu mbele ya watu wote akanigeuza. Nilikuona ulivyonyoosha mkono kumzuia, kisha ukaurudisha mapajani. Asante kwa kuurudisha.

Ninyi hamkusikia alichosema, kwa sababu nadhani hakutoa sauti. Alinitazama machoni akapanga midomo polepole, kama nilivyomfundisha: "Bibi, sema hujasikia. Mimi nitarudia."

Basi niwekee siku kwa huyo daktari wako, kwa jina langu. Mukasine na Bayingana nitawaambia mwenyewe. Na siku ikipatikana usinipigie simu, andika.

Mama yako,
Gahongayire